Mwenye mti na mwenye ardhi

Jumanne iliyopita nilirudi kutoka Kaloleni, kule Kilifi, jua limeshazama, vumbi jekundu limeniingia hadi ndani ya buibui, na mkobani nina karatasi moja ya daftari iliyokunjwa mara nne. Ni orodha ya mikanju, au mikorosho kama wasemavyo wengine, iliyoandikwa kwa penseli na mjukuu wa mzee mmoja. Babu anataja mti, mtoto anaandika. Mti wa kisimani. Mti uliopigwa radi. Mti wa mama. Miti 54 yote kwa jumla.

Kwenye simu zetu mzee huyo ana mikanju 23.

Hiyo 31 iliyopotea ndiyo inayoniandikisha leo. Najua baadhi yenu mnaonisoma mko kwenye kazi kama yangu, kwenye majani chai, kahawa, ufuta au pilipili, na naogopa kwamba fomu zenu zinauliza swali lile lile tulilouliza sisi, kwa namna ile ile.

Kwa wasionijua: nafanya kazi Shimanzi, kwenye kampuni ndogo inayonunua korosho za wakulima wadogo wa Kilifi na Kwale na kuziuza Ulaya kwa cheti cha kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia dawa wala mbolea za kemikali. Godauni letu limezungukwa na maghala ya majani chai. Mnada wa chai umekuwa hapa Mombasa tangu 1969, na hadi leo chai ya Kenya, ya Uganda, ya Rwanda na ya nchi nyingine inateremka kwenye mtaa wetu kabla ya kwenda bandarini Kilindini. Nikitoka nje kununua mahamri saa nne napishana na wapagazi wa chai, na gunia lolote wanalolibeba limeandikwa jina la kiwanda lilikotoka. Sisi kwenye korosho tunatakiwa twende mbali zaidi ya kiwanda. Gunia letu lazima lionyeshe mkulima, na mkulima aonyeshwe shamba, na shamba lionyeshwe mahali lilipo duniani.

Cheti chenyewe ni cha kikundi. Mkulima mwenye ekari tatu hawezi kumlipa mkaguzi atoke mbali amkague peke yake, kwa hiyo wakulima huwekwa kwenye kundi moja, na kundi linakuwa na wakaguzi wake wa ndani. Kila mwanachama lazima atembelewe angalau mara moja kwa mwaka. Kisha mkaguzi wa nje huja, huchagua baadhi yao, huwatembelea upya na kulinganisha anachokiona na tulichoandika. Akikuta tumeandika uongo, anayeumia ni kundi lote, hata yule aliyesema kweli.

Zamani kazi hii ilikuwa ya madaftari. Nimeyakuta kabatini, yameliwa na mchwa pembeni, hati za watu wanane tofauti. Sasa maafisa wetu wa nyanjani wanabeba simu. Fomu tumeijenga kwa ODK, programu huria ambayo mizizi yake ni Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Uzuri wake ni kwamba haihitaji mtandao shambani. Afisa anajaza, anahifadhi, na akifika penye mawimbi anatuma. Inauliza je, shamba limechomwa moto mwaka huu? Umenunua dawa gani? Jirani anapulizia nini, na kati yake na wewe kuna ukingo wa upana gani? Mikanju inayozaa ni mingapi, michanga ni mingapi? Halafu afisa anazunguka mpaka wa shamba kwa miguu simu ikiwa mkononi, nayo inadondosha nukta moja baada ya nyingine mpaka umbo linafunga.

Idadi ya miti ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Kutokana nayo tunakadiria mavuno. Tukisema mkanju mmoja wa eneo fulani hutoa kilo 6 msimu huu, basi mwenye miti 23 tunamtarajia alete kilo 138, na tunamwachia nafasi ya asilimia 10 juu yake. Akileta kilo 400, kuna jambo. Mara nyingi jambo lenyewe ni kwamba amekusanya za majirani wasio kwenye kundi, pengine waliopulizia dawa, na anazipitisha kwa jina lake ili apate bei yetu. Kizuizi hiki ni cha haki na ninakitetea. Bila hicho cheti kinageuka karatasi tupu, na aliyelima kwa uangalifu anapata bei moja na asiyejali.

Sasa mzee wangu. Desemba alileta kilo 118 kituoni, zikapimwa, akalipwa kwa M-Pesa pale pale. Januari akaja na kilo 74, magunia yamefungwa nyuma ya bodaboda. Karani akaingiza nambari yake kwenye simu, akaingiza uzito, na kioo kikageuka chekundu: *Mkulima amevuka makadirio. Usipokee.*

Hayo maneno niliyaandika mimi. Niliyaandika mwezi wa sita, ofisini, feni inazunguka, na nilipoyaandika nilikuwa namfikiria mlanguzi. Sikumfikiria mzee wa miaka sabini na kitu amesimama mbele ya foleni ya watu wanaomjua tangu utotoni, na kijana wa rika la wajukuu wake anamwambia mashine imekataa. Karani aliniambia baadaye kwamba mzee hakubishana. Aliuliza tu, "Imekataa korosho au imenikataa mimi?" Kisha akazifunga tena na kumuuzia dalali aliyekuwa amekaa ng'ambo ya barabara, ambaye siku zote hukaa hapo akingoja watu tuliowakataa.

Rekodi yake ikawekewa alama, na kwa utaratibu wetu mwenye alama hauzi tena mpaka achunguzwe. Uchunguzi ulinifikia mimi mwishoni mwa msimu. Nilipiga simu mara mbili, ikawa haipatikani. Nikaamua kwenda.

Gari mpaka Mazeras, lingine la kupanda Rabai mpaka Kaloleni, kisha bodaboda. Nilimkuta amekaa chini ya mwembe anasuka kamba. Nilimwamkia, nikakaribishwa, nikaletewa dafu kabla ya swali lolote. Nilipoeleza nilikotoka alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, umekuja kunihesabu tena?" Nikamwambia, "Baba, nimekuja unionyeshe mwenyewe."

Tukaanza na miti ya nyumbani. Ishirini na tatu, sawasawa na simu. Nilishaanza kuvunjika moyo. Kisha akachukua bakora yake, akashuka bondeni, akavuka kijito kilichokauka, akapanda upande wa pili, na mimi nyuma yake na mjukuu nyuma yangu. Huko ndiko ilikokuwa mikanju 31, mikubwa, matawi yanagusa ardhi, chini yake pamefyekwa na majani yameachwa yaoze kama tunavyofundisha. Hakuna alama ya moto. Ni shamba safi kuliko mengi niliyoyaona yenye alama ya kijani.

Nikauliza, hapa ni kwako? Akasema hapana, ardhi ni ya kina mjomba wa baba yake. Miti je? Miti ni yake. Baba yake aliomba ruhusa akapanda, akapewa, na tangu hapo kila msimu hupeleka kikapu cha korosho kwa wenye ardhi kwa heshima. Hajawahi kugombana nao. Afisa wetu alipokuja na simu alimuuliza, "Shamba lako ni lipi?" Mzee, kwa kuwa ni mtu mkweli, akamwonyesha lile lililo lake.

Yaani aliadhibiwa kwa kujibu vizuri.

Jambo hili limenikaa kooni kwa sababu mimi, kuliko mtu mwingine yeyote pale ofisini, nilipaswa kulijua. Nimezaliwa Majengo. Nyumba tuliyokulia alijenga babu yangu, na kiwanja si chake. Alikuwa akilipa kodi ya kiwanja, na baada yake akalipa baba. Mombasa tunaiita nyumba bila ardhi, na mitaa mizima ya mji huu iko hivyo. Nyumba inauzwa, inarithiwa, inaandikiwa mkataba, inapangishwa, na udongo ulio chini yake ni wa mtu mwingine ambaye pengine hujawahi kumwona. Hakuna mtoto wa Majengo anayeshangaa kusikia kwamba kilichosimama juu ya ardhi na ardhi yenyewe vinaweza kuwa na wenyewe wawili. Shambani ni hivyo hivyo kwa mnazi, kwa mwembe, kwa mkanju. Mti ni wa aliyeupanda. Hata hivyo nilipojenga fomu nilifuata kielelezo kilichokuja na mnunuzi, chenye kisanduku kimoja kilichoandikwa "mwenye shamba", na sikusita.

Sikuwa na haja ya kutafuta teknolojia mpya. Niliivunja ile sehemu ya fomu. Sasa haiulizi tena "shamba lako ni lipi". Inauliza, "Unavuna miti iliyo wapi?" na mkulima akitaja sehemu moja, inamuuliza, "Na kwingine?" mpaka aseme basi. Kila sehemu ina nukta zake, idadi yake ya miti, na maswali mawili tofauti, miti ni ya nani na ardhi ni ya nani. Jibu la pili mkulima anaruhusiwa kutolijibu.

Hilo la kutojibu nililipigania. Mwenzangu mmoja alitaka liwe la lazima, na hoja yake haikuwa mbaya, maana mkaguzi anataka kujua. Lakini mimi nilishakwenda Msambweni.

Ilikuwa mwaka uliotangulia. Nilivuka feri ya Likoni alfajiri nikashuka na afisa wetu mpaka kwa mama mmoja mjane mwenye mikanju karibu na njia ya kwenda baharini. Alitupokea vizuri, akajibu kila kitu, mbolea, jirani, dawa. Afisa alipowasha simu kuzunguka mpaka, mama akasimama mlangoni mwa shamba. "Hapo hamzunguki." Tukamweleza kuhusu cheti, tukamweleza kuhusu bei. Akasema, "Wanangu, wote waliokuja kupima hapa walisema ni kwa faida yetu."

Huwezi kumlaumu. Ukanda huu wa maili kumi kutoka baharini Waingereza waliuchukua 1895 ukiwa bado ni wa Sultani wa Zanzibar, na 1908 wakaweka sheria ya kuwataka watu wajitokeze kudai ardhi zao kwa maandishi. Wengi hawakudai, wengine hawakujua kama kuna la kudai, ardhi ya mababu hudaiwaje? Isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Tangu hapo kuna watu Kwale na Kilifi waliozaliwa, wakazaa na wakazika mahali ambapo kwenye karatasi wanaitwa maskwota. Mtu wa namna hiyo akiona kijana mgeni anatembea juu ya mpaka wake ameshika kitu kinachoandika, moyo wake unakwenda mbio, na una haki ya kwenda mbio.

Tulikaa naye mpaka adhuhuri. Nilimwonyesha kioo cha simu, nikampa aishike. Nikamwambia kinachoandikwa ni nini, kinakwenda kwa nani, na kwamba sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inampa haki ya kuona kilichoandikwa juu yake na kudai kisahihishwe. Akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia: "Na mimi nitabaki na nini?" Sikuwa na jibu. Rekodi zetu zilikuwa zikiondoka shambani kwenda kwenye seva, kutoka kwenye seva kwenda kwa mnunuzi, na kwa mkulima haikurudi hata karatasi moja.

Nikamwahidi nakala. Akafikiri, kisha akachukua mtandio wake akatangulia mbele. "Basi kama inazunguka, izungushe ipite na hapa." Alitupeleka pembe ya mwisho ya shamba, chini ya mkanju mzee, lilipo kaburi la mumewe, mawe mawili tu na mchanga uliofagiliwa. Akataka liwe ndani ya mstari. Afisa akasogea hatua nne nje ya njia yake ili nukta ipite upande wa pili wa kaburi. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika kaburi. Aliandika kwenye maelezo ya mwisho, na mimi baadaye nikaongeza kipengele: "Alama ambazo mkulima anataka zionekane." Tangu hapo tumeandikiwa visima, mibuyu, misikiti midogo, na makaburi mengi.

Kuhusu nukta zenyewe niseme kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoamini simu kupita kiasi. Sheria mpya ya Umoja wa Ulaya kuhusu ukataji misitu, ile nambari 2023/1115, inataka shamba lionyeshwe kwa latitudo na longitudo zenye desimali sita. Lisilozidi hekta 4 linaweza kutosheka na nukta moja, kubwa zaidi ya hapo lichorwe mpaka wote. Sheria hiyo inahusu kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, mbao na ng'ombe, na inakataza mazao ya ardhi iliyokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Korosho haimo, na utekelezaji wake umekuwa ukiahirishwa, lakini wanunuzi wetu wameanza kuuliza maswali ya mtindo huo huo. Desimali ya sita ni kama sentimita 11 ardhini, upana wa kiganja changu na kidogo. Simu ya kawaida ya afisa wetu, hata penye uwazi wa mbingu, hukosea mita kadhaa. Chini ya mwembe hukosea zaidi, kwa sababu mawimbi ya setilaiti yanakatwa na majani.

Na afisa anayetembea tangu asubuhi kwenye jua la Februari atasimama wapi akitaka kujaza fomu? Chini ya mwembe. Tulikuwa na mashamba kadhaa ambayo ramani iliyaonyesha yamelala juu ya shamba la jirani, mojawapo likiwa limeingia kwenye msitu wa kaya. Kaya ni misitu mitakatifu ya Wamijikenda, kadhaa kati yake imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, na mtu akionekana analima ndani yake hilo si kosa la cheti peke yake, ni aibu mbele ya wazee wake. Nilipofungua rekodi nikakuta simu yenyewe ilikuwa imeandika usahihi wa mita 38 na hakuna aliyeisoma. Shamba la mtu liko mita 30 nje ya kaya, lilikuwa pale siku zote. Sasa fomu haipokei nukta mpaka usahihi ushuke chini ya mita 10, na maafisa wanajua kwamba kivuli ni cha kujazia maswali, nukta ni za juani. Wamelalamika. Nimewanunulia kofia.

Setilaiti nazo ni za msaada kweli, sitaki mtu aondoke akidhani nazipinga. Zile za Ulaya za Sentinel-2 hupita juu ya Kilifi kila baada ya siku 5, na picha zake ni za bure. Lakini doti moja ya picha ni mita 10 kwa 10. Mkanju mmoja mkubwa unaweza kujaza doti nzima. Mkulima akikata mikanju minane iliyozeeka ili apande miche iliyopandikizwa, ile ambayo watafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, pale Mtwapa wanahimiza, mashine inaona msitu umetoweka. Afisa akienda anakuta miche imesimama kwenye mashimo, imefunikwa matandazo. Kwa hiyo kwetu alama nyekundu ya setilaiti siku hizi ina maana moja tu: nenda ukaangalie. Hairuhusiwi kumzuia mtu kuuza. Laiti ningeiwekea sharti hilo hilo ile ya mizani.

Narudi kwenye nakala, maana hapo ndipo mvutano ulipo ofisini kwetu hadi leo.

Baada ya Msambweni nilianza kumchapishia kila mkulima karatasi moja. Ramani ya miti yake, idadi, makadirio ya kilo, majibu aliyoyatoa, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Afisa anaisoma kwa sauti mbele yake, kwa sababu wengine hawaoni vizuri na wengine hawakusoma. Katika kundi la kwanza, karibu kila karatasi ilisahihishwa. "Hapa mmeandika miti arobaini, kumi ilikufa ule ukame." Ukame ule wa kuanzia 2020 ulipiga Kilifi vibaya, mvua zikikosa msimu baada ya msimu, na sisi tulikuwa tunanakili hesabu ya mwaka wa nyuma. "Huyu jirani hapulizii tena, amekufa, shamba limechukuliwa na mwanawe." Mama mmoja alituambia waziwazi kwamba alichoma kipande cha nyuma, jambo alilolikana mara ya kwanza. Nilimuuliza kwa nini amesema sasa. Akajibu, "Hiyo karatasi itakaa nyumbani kwangu. Wanangu wataisoma."

Sijawahi kupata ukweli wa namna hiyo kwa kuongeza maswali kwenye fomu.

Wanaopinga wanasema mambo mawili. Kwanza, gharama, karatasi na wino na siku za afisa. Hilo ni la kweli, na jibu langu ni kwamba tunatumia zaidi kufukuzana na makosa. Pili, na hili husemwa kwa sauti ya chini, mkulima akiwa na ramani yake mkononi anaweza kuipeleka kwa mnunuzi mwingine. Ndiyo, anaweza. Miti ni yake, miguu iliyotembea mpaka ni ya afisa wetu, lakini shamba, jina, kaburi na jasho ni vyake. Kama kitu pekee kinachomfunga kwetu ni kwamba tumemfichia ramani ya shamba lake mwenyewe, basi hatujamfanyia biashara nzuri. Nimelisema hili kwenye kikao na nalirudia hapa.

Mzee wa Kaloleni hakuwa amepata karatasi. Zamu ya kijiji chake ilikuwa bado. Angekuwa nayo angeona 23, angesema na ile ya bondeni je, na Januari ingepita salama.

Jumatano asubuhi niliingiza ile miti 31 kwenye mfumo, nukta nilizozichukua mwenyewe, juani, na majina aliyoyaandika mjukuu. Mti wa mama nimeuacha uitwe hivyo hivyo. Alama nyekundu nimeiondoa na kuandika sababu, na kwenye sababu nimeandika kwamba kosa lilikuwa la fomu. Lakini kilo 74 zilishauzwa. Dalali alimpa shilingi 25 pungufu kwa kila kilo, na hiyo ni shilingi 1,850. Nimeandika barua nikiomba kampuni imlipe tofauti hiyo, kwa sababu korosho zilikuwa safi, zilikuwa zake, na sisi ndio tuliozikataa. Kuna anayesema tutafungua mlango kwa kila mtu kudai. Nimemjibu kwamba waliowekewa alama msimu huu ni 17, nimetoa orodha yao, na nitawatembelea mmoja mmoja kuanzia wiki ijayo, Ganze kwanza.

Barua iko mezani kwa mkurugenzi tangu Ijumaa. Mzee nimemwahidi kumpigia Alhamisi, jibu liwe lolote. Simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, na nimeambiwa nipige kabla ya saa kumi na moja jioni, kabla mjukuu hajaipeleka dukani kuchajiwa.